Shujaa wa Farasi na Bibi Mwenye Macho Mekundu

Picha ya Mtakatifu George juu ya farasi mweupe, mkuki ukiwa kooni mwa joka, wengi wetu tumeiona tangu utotoni. Ndiyo maana tukifika Waefeso 6, kwenye dirii, chepeo na upanga, tunamfikiria yeye. Picha hiyo imetupotosha.

Paulo hakumjua shujaa huyo. Aliyemwona ni askari wa Rumi. Mashujaa wa farasi wa Ulaya walikuja karne nyingi baadaye. Tena picha haituonyeshi nani aliyelipia farasi na mavazi ya chuma. Alilipa mkulima, kwa jasho lake katika shamba la bwana. Na mara nyingi joka la mkulima lilikuwa shujaa mwenyewe. Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, Ufaransa, wakawalaani wavunjao makanisa na waporao mifugo ya maskini. Msukuma hahitaji kufafanuliwa hapo.

Kanisa lilijaribu kuwafuga watu hao. Baadaye ikawa desturi kijana kukesha akiomba, upanga wake ukiwa altareni. Lakini mwaka 1095, huko Clermont, Papa Urban wa Pili aliwaita wakapigane Mashariki. Mwaka uliofuata, kabla hata ya kutoka Ulaya, makundi yaliyojishonea msalaba nguoni yaliwaua Wayahudi katika miji ya kando ya mto Rhine. Wa kwanza kufa walikuwa majirani.

Sisi wa Kambarage tuna mashujaa wetu, sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, pande za Kahama na Nzega, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi. Hawakuwa na farasi wala bwana. Walikuwa na upinde, mishale na filimbi, na mwano ukipigwa wanaume walitoka. Walijiita Basalama, watu wa amani. Mwalimu Nyerere aliwatetea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Haki yao tuwape: aliyelala usingizi huku zizi limejaa anajua walichofanya. Hapa wanampita shujaa wa Ulaya, kwani ng'ombe waliowalinda walikuwa wao wenyewe na wa majirani zao.

Ila walisaka wachawi pia, na wanawake walifukuzwa vijijini mwao. Hata pasipo sungusungu, vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa mapanga, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Macho hayo ni ya moshi. Kuni zikikosekana mtu hupikia kinyesi cha ng'ombe, miaka arobaini, katika jiko lisilo na dirisha. Nani kati yetu hajalijua jiko la namna hiyo?

Ubaya wa picha ya joka ni kwamba humfundisha mtazamaji kutafuta joka lenye mwili. Waefeso 6:12 inakataza jambo hilo hilo, maana inamtoa kila mwenye damu na nyama katika orodha ya adui zetu. Nasi tunahubiri aya ya 11 kwa sauti kubwa, tunaruka hadi ya 14 kuvaa dirii, na ile ya 12 tunaipita haraka kama njia ya makaburini. Bibi wa benchi la nyuma anasikia tunavyoshangilia joka likichomwa, na anajua ni nani kati yetu wanaogeuka kumtazama.