Uso na Nia katika Picha za Ashiki

Watu wa rika langu tukitajiwa picha za ashiki hukunja uso na kubadili mazungumzo. Vijana nao husema kwamba mwili ni mwili na picha ni picha. Mimi sikubaliani na upande wowote. Ashiki si jambo geni lililoletwa kwetu na meli. Makungwi wa pwani wamewafunda wari tangu zamani namna ya kutupa jicho, kutabasamu na kufunga kanga, na hakuna aliyewaita wahuni. Mafunzo hayo yalikuwa na mahali pake, wakati wake na mlengwa wake. Makungwi walijua kwamba ashiki haikai katika ngozi, bali katika uso na katika nia.

Kwa hiyo nikihakiki picha ya namna hii huuliza maswali mawili. Uso wa mwanamitindo unasema nini? Na nia iliyomfikisha mbele ya kamera ni ya nani?

Tuanze Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Wagoa, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya J. B. Coutinho, ziliuza picha na postikadi kwa wageni wa Kizungu. Katika postikadi za zama hizo wamo wanawake waliofunga kanga, mabega wazi, na baadhi yao vifua wazi. Chini yake huandikwa kabila au sifa ya urembo. Jina la mtu mara nyingi halimo. Ukitazama mwili peke yake utasifu kazi: mapambo yamepangwa, mwanga umetua vizuri begani. Lakini panda mpaka usoni. Macho mengi humo hayana haya wala mwaliko. Ni macho ya mtu anayengoja aambiwe kwamba kazi imekwisha. Tukumbuke kwamba utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka 1909. Asiyemiliki mwili wake hawezi kuweka nia yake katika picha ya mwili huo. Hapo mwanamke amewekwa kama chombo cha maua, na picha, pamoja na ufundi wake wote, inabaki baridi.

Mfano wa pili ni wa Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, aliyejulikana kwa picha za wanyamapori na za wanawake, alikutana na Msomali Iman Abdulmajid. Iman alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa mwanadiplomasia. Alikubali kupigwa picha kwa sharti la kulipwa dola 8,000, ambazo zilikuwa karo yake. Hiyo ilikuwa nia safi kabisa, na ilikuwa yake. Lakini Marekani alitangazwa kuwa mchunga mifugo aliyeokotwa porini, asiyejua Kiingereza. Kwa nini uongo huo? Kwa sababu mtazamaji wa kule alitaka kutamani kitu cha porini, si msomi anayejua bei ya kazi yake. Tazama picha za Iman za miaka iliyofuata: shingo imenyooka, jicho linapima. Uso ule ulikataa hadithi ile kabla mwenyewe hajaikanusha kwa maneno. Hapo ndipo ninapoona kazi ya mwanamitindo, kwamba anaweza kumjibu mpiga picha ndani ya picha ya mpiga picha huyo huyo.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya ziwa letu, Uganda. Binti Mfalme Elizabeth wa Toro alisoma Cambridge, akawa mwanasheria mwaka 1965, kisha akafanya kazi ya mitindo ya mavazi na kuonekana katika Vogue na Harper's Bazaar. Mwaka 1974 Idi Amin alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka huo huo akamfukuza kwa tuhuma chafu ya kuzini katika uwanja wa ndege wa Paris. Picha ya mwanamke aliye uchi ikatangazwa kuwa ni yake. Haikuwa yake. Aliyashtaki magazeti ya Ulaya yaliyoeneza uzushi huo, akashinda. Huku ndiko kufika chini kabisa. Mwanamke aliyekuwa bwana wa uso wake mbele ya kamera alibandikwa jina lake juu ya mwili wa mwingine, na nia ya picha ikawa kumvunjia heshima. Katika picha ile walidhulumiwa wanawake wawili, lakini tunamtaja mmoja tu.

Msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Mwanza? Jioni vijana hupigana picha ufukweni, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yao, na kila mmoja ana kamera katika simu. Binti anayempelekea mchumba wake picha ya faragha ameweka humo uso wake na nia yake, na vyote viwili vimelenga jicho moja. Picha hiyo ikisambazwa mtaani, mwili uliomo haujabadilika hata chembe. Kilichoibwa ni nia. Nasi tunaopokezana simu na kumcheka tunafanya kazi ile ile ya wachuuzi wa postikadi za Unguja, tena bila malipo.

Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kusambaza picha za ngono. Ni vyema. Lakini sheria haimfundishi mtu kutazama. Hiyo ni kazi ya wazazi na walimu. Nilipokuwa nikiwafunza walimu niliwaambia kwamba mwanafunzi asome sentensi nzima kabla ya kuihukumu. Picha nayo isomwe hivyo hivyo. Anza na uso, uliza nia ni ya nani, ndipo utazame mwili. Mara nyingi ukianza hivyo utajikuta unairudisha simu kwa mwenyewe bila kuendelea kutazama.