Breki ya Vipande 15

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Marc Gold, mwalimu wa elimu maalum aliyekuja kuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliwapa vijana wenye ulemavu wa akili, wengine wa kiwango kikubwa, kazi ya kuunganisha breki ya baiskeli. Ilikuwa breki ya gurudumu la nyuma, ile inayokamata mtu anaporudisha pedali kinyume: vipande 15, na kimoja kikigeuzwa tu, breki inaweza isifunge. Vijana hao walikuwa katika karakana maalum, ambako kwa kawaida hawakutarajiwa kufanya kazi ngumu kiasi hicho.

Vipande vilipangwa kwenye trei kwa kufuatana. Kundi moja lilipewa vipande vilivyopakwa rangi upande ule unaopaswa kumwelekea mfanyakazi. Jingine likapewa vipande visivyo na rangi. Wenye rangi walijifunza upesi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na kwangu hapo ndipo penye uzito: vijana wa makundi yote mawili walikuwa na ulemavu uleule. Kilichotofautiana ni maandalizi ya mwalimu.

Gold akageuza jambo hilo kuwa mafunzo ya walimu, kwa jina la Jaribu Namna Nyingine. Mwalimu alifundishwa kutenganisha mambo matatu: namna kazi yenyewe inavyofanywa, hatua zinazoiunda kazi hiyo, na mbinu ya kumfundishia mwanafunzi kila hatua. Mwanafunzi akikwama, mwalimu alianza kwa kubadili mbinu. Isipofaa, alizigawa hatua upya, pengine akaikata moja kuwa tatu. Ikishindikana bado, alitafuta namna nyingine kabisa ya kuifanya kazi ile. Kukata tamaa kuliruhusiwa, lakini kuliwekwa mwisho wa orodha. Nakiona kipengele hiki kuwa cha busara kuliko vyote, kwa sababu shuleni tamko la “huyu hafundishiki” mara nyingi hutangulia, kabla mwalimu hajagusa hata hatua moja ya somo lake.

Walimu wengi walisumbuliwa na sharti la kimya katika mafunzo hayo. Walizoea kusifu na kutoa peremende. Gold aliwataka wanyamaze mwanafunzi anapopatia, na wakiongea, waseme machache. Hoja yake ilikuwa kwamba sifa nyingi humfanya mwanafunzi autazame uso wa mwalimu badala ya kutazama mikono yake mwenyewe.

Kwa breki, hoja hiyo inasimama. Lakini breki ina mwisho unaoonekana, na vipande vyake hukaa vilivyowekwa. Mtoto asiyesema, anayekataa uji kwa kugeuza shingo, hafanyi kazi inayoweza kupangwa kwenye trei. Mwalimu wake anahitaji ujuzi mwingine: kuitambua ishara hiyo, kuijibu papo hapo, na kuijibu vilevile kesho, mpaka mtoto ajue kwamba amesikika. Hapo kimya cha mwalimu kitamdhuru.