Sindano Iliyomvisha Mjane

Gauni la jukwaani hushonwa kwa ajili ya watu wawili wasioona kitu kimoja. Kuna mwigizaji, anayelihisi mwilini: linabana wapi, linaachia wapi, pindo litamkwaza akigeuka au litamfuata. Na kuna mtazamaji wa kiti cha juu kabisa, cha bei nafuu, asiyeona mshono wala kifungo. Yeye huona umbo na rangi basi. Fundi anatakiwa awaridhishe wote wawili kwa kitambaa kilekile. Kazi hiyo naiheshimu kuliko nyingi zinazopigiwa makofi.

Tarehe 8 Juni 1907, katika ukumbi wa Daly's karibu na Leicester Square jijini London, ilifunguliwa opereta ya mtunzi Franz Lehár, The Merry Widow (Mjane Mchangamfu), ambayo Vienna ilikuwa imeipenda tangu 1905. Ilichezwa London mara 778, na Mfalme Edward VII alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuitazama. Mwigizaji mkuu, Lily Elsie, alikuwa msichana wa miaka 21, mwenye haya, tena aliyeogopa kwamba nafasi ile ilimzidi kimo. Mwandaaji wa onyesho, George Edwardes, alimpeleka kwa fundi.

Fundi huyo ni Lucy Duff Gordon, aliyejulikana dukani kwa jina la Lucile. Ndoa yake ya kwanza ilipovunjika, alibaki na binti yake wa kumtunza, akaanza kushona nyumbani. Mwaka 1900 aliolewa na Sir Cosmo Duff Gordon, mtu wa cheo, na bado hakuweka sindano chini, katika tabaka lililoona aibu bibi wa heshima kushika biashara. Katika duka lake la Hanover Square aliweka jukwaa dogo, mapazia na muziki, wasichana wakapita na magauni mbele ya wateja. Mabibi wa London walidhani wamekuja kununua nguo, kumbe wamekaa kwenye tamthilia.

Elsie hakupimwa kiuno na mabega tu. Lucile anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba walipitia pamoja kila hatua na kila ishara ya mkono. Naliamini hilo, maana gauni la jukwaani halivaliki kwa mwendo wowote ule. Mwendo na nguo vilizaliwa siku moja, na ndiyo sababu nasema fundi aliigiza usiku wa ufunguzi ingawa hakuonekana.

Mavazi ya jukwaani huchakaa kwa jasho na safari, lakini yale ya wateja yamesalia. Heather Firbank, dada wa mwandishi Ronald Firbank, alikuwa mteja wa Lucile, na nguo zake zilizokaa masandukuni miaka mingi zilichukuliwa na jumba la makumbusho la Victoria and Albert mwaka 1957. Lucile alipenda shifoni, kitambaa kisicho na huruma: huteleza chini ya mkasi, na sindano nene ikipita huacha tundu. Aliipanga tabaka juu ya tabaka, rangi hafifu juu ya nyingine, hata ikatokea rangi ambayo haimo katika kitambaa chochote kati ya hivyo, na mvaaji akisogea nayo hubadilika. Kwa upande wangu, ndani ndiko kunakonivutia zaidi. Magauni ya enzi ile, mepesi kwa nje kama hayana kitu, yalibebwa na kiwiliwili chenye vijiti, mkanda wa kiunoni uliopokea uzito, na msururu wa kulabu ndogo zilizofungwa kwa mpangilio wake. Msaidizi wa mwigizaji aliukariri mpangilio huo, kwani pazia halingojei.

Kisha ile kofia aliyoivaa Elsie jukwaani, nyeusi, yenye ukingo mpana ajabu! Mtindo wake ulivuka bahari, na mwaka 1908 wanawake wa New York waligombania kofia kama hiyo zilipogawiwa bure katika ukumbi wa maonyesho.

Sifa zisiishie kwa Lucile. Msimu wa London ulipopamba moto, kuanzia Mei hadi Julai, kila bibi alitaka vazi lake la kwenda kasri la mfalme au mbio za farasi za Ascot kwa siku ileile, na wasichana wa chumba cha kushonea ndio waliolipa deni hilo kwa macho na migongo yao. Walipiga bandi, wakafumua, wakadarizi, wakakunja utepe wa hariri hadi ukawa waridi dogo. Majina yao hayakuandikwa kwenye programu ya onyesho lolote. Hilo linaniuma, kwa sababu waridi lile halikujikunja.

Mbunifu wa mavazi Cecil Beaton, aliyezaliwa 1904, alivutiwa utotoni na picha ya Lily Elsie kwenye kadi ya posta. Alipovisha filamu ya My Fair Lady ya 1964, aliirudisha Ascot ya enzi zile kwa rangi nyeusi na nyeupe, kofia pana zikarudi, na kila moja ikahitaji tena mtu wa kuisawazisha kichwani ili mvaaji aweze kugeuka bila kuishika.