Mwalimu Sikujua na Haki ya Msomaji wa Hati

Diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, na jina lililowekwa pamoja na la mshairi ni la W. Hichens. Hatuidharau kazi yake. Lakini mashairi hayo yalikusanywa Mombasa katika karne ya 19 na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akimsomea na kumfafanulia padre W. E. Taylor; nazo karatasi zikaishia London. Twauliza: katika kazi ile, mtaalamu alikuwa nani?

Yafaa kukumbuka tabia ya hati zenyewe. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa desturi e haikutengwa na i, wala o na u; pengine hata p iliandikwa kama b. Neno moja laweza kusomwa kwa njia mbili tatu, na vina havimwokoi msomaji kila mahali. Tena Muyaka alitunga kwa kujibu watu. Wakati Mazrui waliposhindana na Lamu na Sayyid Said, shairi lilikuwa silaha, na asiyejua lililengwa kwa nani hubaki na maneno matupu. Basi aliyeyapa maneno sauti, akaeleza na sababu ya kila shairi, alifanya kazi ile ile ambayo vyuoni huitwa uhariri na ufafanuzi. Kumwita "msaidizi" ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la adabu, kwa maana msomaji wa leo hawezi kujua tafsiri fulani ni ya nani, wala aikosoe vipi.

J. W. T. Allen alifuata njia iliyo bora: hati alizokusanya ziliwekwa katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. (Orodha yake, ya mwaka 1970, ilichapwa Leiden, tena kwa Kiingereza.)

Vyuo vya hapa na vya ng'ambo vinapopatana leo juu ya hati za pwani, yaandikwe mambo matatu kabla ya picha ya kwanza kupigwa: nani ni mwandishi mwenza, nakala zitabaki wapi, na nani aweza kuukataa usomaji asioukubali kabla haujapigwa chapa. La tatu ndilo zito. Jina huweza kutiwa kazi ikiisha. Haki hiyo hubadili maandishi yenyewe.