Alama ya Dole Gumba

Nilikuwa kijana niliposhika singe ya bunduki ya zamani katika ghala la makumbusho moja ya pwani. Ilikuwa imesafishwa asubuhi ileile, inameta kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Niliigeuzageuza mwangani, nikairudisha kwenye kitambaa chake, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata fundi wa ghala hilo aliniita. Hakunigombeza. Alifunua kitambaa, akaninyooshea kidole: katikati ya ubapa palikuwa na alama ya dole gumba langu, kila mstari mahali pake, imechorwa kwa kutu nyekundu.

Tangu siku hiyo nimeiheshimu kazi ya mtu anayeweka bunduki ghalani. Mfua chuma husifiwa, na mchonga kitako husifiwa. Huyu wa ghalani hana wa kumsifu, kwa sababu kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea. Miaka 50 inapita, sanduku linafunguliwa, chuma kiko vilevile.

Jasho lina chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa siri ya dole langu. Chuma hakioti kutu kwa hewa peke yake wala kwa maji peke yake. Vinahitajika vyote viwili. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, utando wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya chuma na kazi huanza. Penye chumvi haungoji hata kufika hapo. Tena kutu ya chuma si kama ule ukijani wa shaba, ambao huifunika shaba na kuikinga. Kutu huvimba, hubanduka, na kila gamba linaloanguka hufungua njia ya maji kwenda ndani zaidi.

Anayetaka kuona pambano hili kwa ukubwa aende Fort Jesus, Mombasa, akautazame mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg. Meli hiyo iliishia katika delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa ili ipigane nchi kavu. Mzinga ule unakabili upepo wa bahari kila siku. Lakini mzinga ni mnene. Ukipoteza unene wa ukucha bado ni mzinga. Bunduki haina akiba hiyo. Ndani ya mtutu wake mna mifereji inayozunguka, ile inayoipa risasi mzunguko, na kina chake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kutu ya masika moja inaweza kuanza kuila.

Fundi yule alinieleza jambo lililonishangaza: kwamba adui wa mtutu aliweza kushindwa kwa maji. Risasi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu katika kiwashio chake kidogo cha nyuma, na kila mlio uliacha ndani ya mtutu chumvi, ndugu wa karibu wa hii tunayotia mchuzini. Mafuta hayayeyushi chumvi. Ukiupaka mafuta mtutu uliopigwa risasi hizo, umeifunika chumvi blanketi tu. Ndiyo maana katika jeshi la Uingereza, ambalo bunduki zake za Lee-Enfield zilibebwa pia na askari wa King's African Rifles, ilikuwa desturi kumimina maji yanayochemka mtutuni baada ya kupiga shabaha. Maji yaliondoka na chumvi, na chuma kilichopata moto kilijikausha chenyewe. Mafuta yalifuata baadaye.

Hata ule weusi wa bunduki nyingi za kale ni kutu. Fundi wa enzi hizo aliacha chuma kishike kutu nyekundu kidogo, kwa makusudi, akakichemsha mpaka wekundu ukageuka mweusi, akausugua kwa brashi ya waya, kisha akaanza tena, mara nyingi, siku baada ya siku. Kutu iliyofugwa ikawa ngozi inayoshika mafuta. Sijui kazi nyingi zinazomtia adui lijamu namna hii.

Na kwa safari ndefu zaidi kulikuwa na grisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walizifanyia matengenezo bunduki zao za Mosin-Nagant, wakazipaka grisi nzito na kuzipanga masandukuni. Nyingi zilikaa humo kwa miongo. Wamarekani walikuwa na yao, Cosmoline, ya rangi ya asali iliyoiva, ambayo kwa miaka hukauka ikawa kama ulimbo. Anayefungua sanduku la namna hiyo hufanya kazi ya siku nzima kwa joto, mafuta ya taa na matambara, na haruhusiwi kuisahau grisi iliyojaza mtutu, kwani bunduki ikipigwa ingali imezibwa inaweza kupasuka usoni mwa aliyeishika. Lakini mimi humfikiria aliyepaka. Aliingiza grisi hadi kwenye matundu ya skrubu, mahali ambapo mkaguzi asingechungulia, kwa ajili ya mtu ambaye huenda alikuwa hajazaliwa.

Fundi wangu alitumia nta zaidi ya grisi, kwa kuwa vitu vyake vilipaswa kuonekana. Kwanza alihakikisha bunduki haina risasi, akahakikisha tena, hata kama ni kigofu cha miaka 100. Mafuta ya nazi aliyakataa kabisa. Huchacha, huganda, huacha uchachu unaokula chuma. Ala ya ngozi nayo aliikataa, japo ni nzuri, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu na kuulalisha kifuani mwa chuma. Bunduki iliyotoka kupakwa mafuta aliisimamisha mtutu chini, mafuta yasiteremke kwenye mbao za kitako na kuzilainisha.

Niliwahi kumuuliza kwa nini ahangaike hivyo na vyombo vya kuulia watu. Akanionyesha kitako cha bunduki moja. Mtu alikuwa amechonga herufi mbili kwa ncha ya kisu, na juu yake, kwenye chuma, palikuwa na namba ndogo za kiwandani. "Kutu ikifika hapa," akasema, "huyu hatujui tena alikuwa nani."

Siku ile ya singe alichukua sufi laini ya chuma na tone la mafuta, akasugua kwa mizunguko midogo, akipumzika kila mara kutazama. Wekundu ulitoka. Mistari ya dole langu ilibaki, hafifu, ya kijivu, imeshaingia ndani ya chuma. Alipaka nta, akaifunga singe kwenye kitambaa kipya, akaandika tarehe kwenye kikaratasi. Kisha akanipa glavu.

"Vaa, mwanangu," alisema. "Bado kuna sanduku zima."