Olga ni muuguzi, lakini wanamupa ufagio

Wiki hii niliangalia tena Import/Export, filme ya 2007 ya Mwaustria Ulrich Seidl. Wengi wanaisifu juu inaonyesha ubaya wa Ulaya bila kuupaka rangi. Mimi ninaisifu nusu.

Olga ni muuguzi kwao Ukraine. Siku ya malipo wanamupa kipande tu cha mshahara. (Sisi huku hatuhitaji mtu wa kutufasiria ile picha.) Anajaribu kazi ya kujionyesha uchi kwa kamera mbele ya wanaume wa mbali, inamushinda, njo anaachia mama yake mtoto mudogo, anaenda Vienna. Huko anafanya kazi za nyumbani kwa watu, wanamufukuza bila maelezo. Kiisha anapata kazi ya kusafisha katika hospitali ya wazee.

Hapo njo filme inakuwa kubwa. Olga anaona mzee mwenye kuhitaji musaada, mikono yake inajua la kufanya, lakini muuguzi wa pale anamukataza kugusa wagonjwa. Kwenu ulikuwa muuguzi, hapa uko wa kusafisha. Hakuna mwenye kusema diplome yake ni ya uongo. Inakosa tu fasi ya kuiweka. Mimi niko na licence ya agronomia, na ile dakika moja ilinikalisha kimya muda murefu.

Shida yangu iko fasi ingine. Seidl anasimamisha kamera, haitikisiki, na mtu anabaki katikati kama kitu cha kuonyeshwa. Wale wazee wa hospitali si waigizaji, ni wagonjwa wa kweli, na wamoja akili imekwisha kuwatoka. Kama mtu hajui tena siku ni gani, alikubalije kuchukuliwa picha? Filme inashitaki wale wanaotumia miili ya wengine, na yenyewe inaitumia. Tena ile kazi ya uchi inapewa muda mingi, lakini mtoto wa Olga anapata wimbo tu kwa simu. Ule wimbo njo ulinishika kuliko yote. Nilingoja turudi kwa bibi anayelea yule mtoto, na Seidl haturudishi.

Tusiiangalie pia kama habari ya leo. Olga aliondoka juu ya franga. Tangu 2022 wanawake wa Ukraine wanakimbia mabomu, na wengi waliacha mabwana nyuma, juu sheria ya vita iliwazuia wanaume wa miaka 18 mpaka 60 kutoka inchi. Mwezi wa 3 mwaka ule Umoja wa Ulaya uliwapa ulinzi wa muda, pamoja na haki ya kufanya kazi. Lakini haki ya kufanya kazi si haki ya kufanya kazi yako, na kwa upande huo Olga hajazeeka hata kidogo.

Mwenye kutaka kuiangalia, alalishe watoto kwanza.