Saa 120 za Kusoma Peke Yako

Tuzo za teknolojia ya kufundishia vyuoni hupenda kinachoonekana kwa mbali: skrini, programu mpya, idadi ya waliojisajili. Ukurasa wenyewe anaousoma mwanafunzi huwa hauulizwi. Chukua African Virtual University, AVU, chuo cha mtandaoni kilichokuwa na makao Nairobi. Mwaka 2011 tovuti yake ya moduli za bure ilitunukiwa kama mradi chipukizi bora katika OCW People's Choice Awards, tuzo za kozi huria za mtandaoni. Sina ugomvi na tuzo hiyo. Ila kwa maoni yangu, ubunifu wa kupongezwa haukuwa kwenye tovuti. Umo ndani ya moduli, katika fani yake, na humo humo ndimo zilimo kasoro zake.

Moduli zilikuwa 73, za sayansi, hisabati, kompyuta na ualimu, kazi ya wasomi wa nchi kumi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Nimezisoma za hisabati nikimfikiria mwalimu wa Port Victoria, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, anayejiendeleza kimasomo. Ametoka darasani jioni, stima zimepotea, simu ina chaji nusu, na hana mhadhiri wa kumgongea mlango. Hata Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022, kiko huko juu kwenye barabara ya Busia na Malaba, si mahali pa kwenda na kurudi kila jioni.

AVU ilipoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, fani yake ilikuwa mhadhara wa televisheni. Profesa yuko ng'ambo, picha inapitia setilaiti, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na kwingineko wamekaa mbele ya runinga. Mhusika mkuu hapo ni uso wa mwalimu, na saa ni yake. Ukichelewa, kipindi kimekupita.

Moduli iliupindua mpangilio huo. Inaanza kwa kukwambia unachopaswa kuwa unakijua tayari, kisha muda utakaohitaji: saa 120. Halafu, kabla haijafundisha lolote, inakupa jaribio la awali, inakuonyesha majibu, na kufuatisha maneno machache ya kukuelekeza kulingana na ulivyofanya. Ustadi uko hapa. Darasani mhadhiri husoma nyuso za watu akajua nani amepotea. Mwandishi wa moduli hana nyuso za kusoma, kwa hiyo kazi hiyo ameikabidhi kwa muundo. Yeye mwenyewe, na wasifu wake, tunakutana naye mwishoni, baada ya mtihani wa kufunga moduli. Aliyekuwa mhusika mkuu amesogezwa hadi kurasa za nyuma, na msomaji amechukua nafasi yake.

Mtindo unachosha, tuseme ukweli. Kila shughuli ina vichwa vile vile: muhtasari, malengo, usomaji, dhana kuu, maelezo, zoezi. Mpenzi wa nathari nzuri atapiga miayo. Lakini msomaji anayekatizwa na mtoto, mgeni au giza hurudi akajua mara moja alipoachia. Na kwa kuwa leseni inaruhusu kunakili, anaweza kuichapisha saiba akaisomea karatasini.

Akiichapisha ndipo ufa unapoonekana. Kuna sehemu ya viungo vya mtandaoni, na kila kiungo kimepewa anwani, maelezo, sababu ya kupendekezwa, na picha ya skrini ya tovuti yenyewe. Picha ya ukurasa wa MathWorld, tovuti ya hisabati, ni ndogo, maandishi hayasomeki. Huko ni kumwonyesha mtu karamu kupitia dirisha lililofungwa. Muundo uliomfikiria msomaji aliye peke yake umemsahau ghafla, ukadhani ana intaneti ya ofisini. Huku mpakani bando lina visa vyake. Simu yaweza kurukia mtandao wa Uganda mwenyewe asijue.

Kasoro ya pili ni sauti. Moduli zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jumla 219. Kiswahili hakimo, ingawa nchi tatu nilizozitaja zinakizungumza. Mtu atasema mwalimu wa hisabati Kenya amesomeshwa kwa Kiingereza, na ni kweli, milinganyo haitamshinda. Lakini yale maneno ya baada ya jaribio, yanayomwambia aliyeanguka asikate tamaa, yalihitaji lugha ambayo mwalimu mwenziwe angemfariji nayo. Yamebaki makavu kama tangazo la ofisini.

Hata hivyo naiweka moduli hii juu ya mhadhara wa setilaiti, na juu ya mihadhara mingi ya Zoom tuliyoletewa vyuo vilipofungwa mwaka 2020, ambayo ilirudisha uso wa mwalimu katikati ya skrini na saa mkononi mwake. Nanyi waamuzi wa tuzo zijazo, kabla ya kuhesabu waliojisajili, zimeni data, fungueni shughuli ya kwanza, mwone mtafika ukurasa wa ngapi.